Uvujaji wa Oili katika Stendraivu za Boti za Mwendokasi: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kufungua

Stendraivu ni kasha la gia linaloning'inia nje, nyuma ya boti, huku injini ikiwa ndani. Shafti hutoboa ukuta wa tezi, hupita kwenye krosi zinazoiwezesha kupinda boti inapokata kona, kisha huingia kasha la juu. Humo gia hugeuza mzunguko uelekee chini. Shafti ya wima huuteremsha hadi kasha la chini, ambako gia nyingine huugeuza tena kuelekea propela. Nguvu yote ya injini hupita ndani ya kasha hilo, na kinachozitenga gia zisisagane hadi kuungua ni utando mwembamba wa oili. Oili ikipungua au maji yakiingia, gia zenye thamani ya maelfu ya dola huharibika kwa muda mfupi kuliko ule ambao dereva huhitaji kusikia mlio na kupunguza mwendo.

Mfumo huu ulizaliwa Marekani mikononi mwa wahandisi wawili waliokuwa wakifanya kazi na Carl Kiekhaefer wa Mercury: Charles Strang na Jim Wynne. Wynne aliondoka, akalifikisha wazo kwa Volvo Penta ya Sweden, na kampuni hiyo ikaionyesha Aquamatic mjini New York mwaka 1959. Mercury, kutoka Fond du Lac jimboni Wisconsin, ilifuata na MerCruiser mwaka 1961. Hapo mwanzo stendraivu zilibeba injini za kiasi kwa ajili ya familia na wavuvi wa burudani. Baadaye wapenda mbio wa Florida na wa ziwa Lake of the Ozarks, Missouri, wakaanza kuzidai kazi nyingine kabisa. Injini ya HP525EFI yenye nguvu za farasi 525, ikiunganishwa na stendraivu ya Bravo One XR, ni mfano unaojulikana sana, na wapo wamiliki wengi wanaopitisha nguvu kubwa kuliko hiyo kwenye makasha yasiyotengenezwa kwa ajili yake.

Tofauti kati ya boti ya matembezi na boti ya mwendokasi huanzia kwenye joto. Kila gia inayosagana na mwenzake hupoteza sehemu ndogo ya nguvu, na nguvu hiyo hugeuka joto. Hasara ikiwa asilimia 2 tu ya nguvu za farasi 500, ni nguvu za farasi 10, yaani takriban kilowati 7.5, zinazomwagwa mfululizo ndani ya oili ya Bravo One ambayo haizidi sana lita 2.6. Boti inayokwenda polepole hulizamisha kasha, na maji hulipoza. Boti ya mwendokasi hunyanyuka, kasha la juu hubaki hewani, na maji hugusa kasha la chini peke yake. Kwa sababu hiyo wamiliki wengi hufunga bomba dogo la kurushia maji juu ya kasha la juu. Sili za mpira wa naitrili huanza kukauka na kupasuka midomo zikikaa kwenye joto la nyuzi 100 na zaidi kwa muda mrefu, na mdomo wa sili wenyewe siku zote huwa na joto kuliko oili inayouzunguka, kwa kuwa unasuguliwa. Shafti yenye kipenyo cha milimita 40 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika husugua mdomo huo kwa mwendo wa zaidi ya mita 10 kila sekunde.

Ndiyo maana mhadhara huu unashikilia jambo moja. Katika stendraivu ya mwendokasi, sili ni nadra kuwa chanzo cha uvujaji. Mara nyingi imeharibiwa na kitu kingine. Fundi anayebadilisha sili bila kutafuta kilichoiharibu ataibadilisha tena msimu haujaisha.

Kabla ya kutafuta tundu ni lazima kuelewa oili inasukumwa na nini. Stendraivu za familia ya Bravo zina chupa ya akiba ndani ya boti, karibu na injini. Mpira mwembamba hutoka kwenye chupa, hutoboa ukuta wa tezi, na kuungana na kasha la juu kupitia kiunganishi chenye oringi. Katika matoleo mengi kiunganishi hicho kina vali ndogo inayojifunga stendraivu inapong'olewa. Chupa hiyo ina kazi tatu. Huongezea oili inayopotea, hupokea oili inayotanuka kwa joto, na hulipatia kasha presha ndogo ya kudumu, kwa kuwa imewekwa juu ya usawa wa maji. Chupa ikiwa nusu mita juu ya maji na propela sentimita 60 chini ya maji, uzito wa oili katika mpira huo unatosha kuishinda presha ya maji ya nje kwa kama nusu pauni kwa inchi ya mraba. Ni kidogo, lakini maana yake ni kubwa: sili ya chini ikichoka wakati boti imetulia, kwa kawaida oili hutoka kwanza badala ya maji kuingia. Chupa hushuka, kihisi chake hupiga king'ora, na mwenye boti hupata onyo gia zikiwa bado salama. Stendraivu isiyo na chupa haina ulinzi huo. Ikisimama baada ya mbio ndefu, oili yake hupoa na kusinyaa, ombwe hutokea ndani, na maji hunyonywa kupitia mdomo wa sili iliyochoka.

Chupa hiyo huweza pia kudanganya. Oili ya lita 2.6 ikipanda joto kwa nyuzi 60 huongezeka ujazo kwa takriban mililita 100. Kwa hiyo katika mfumo mzima usawa wa chupa hupanda kidogo boti ikitoka mbioni, kisha hurudi usiku. Chupa isiyocheza kabisa, asubuhi na jioni, baridi na moto, isipokelewe kama habari njema. Huenda mpira umebanwa nyuma ya injini, au kiwiko cha chuma kinachopita kwenye ukuta wa tezi kimeliwa na chumvi na kuziba, au vali ya kiunganishi imekwama. Hapo chupa itaonekana imejaa wakati kasha lina njaa ya oili. Baya zaidi ni kwamba oili inayotanuka haina pa kwenda. Presha hupanda ndani ya kasha kila mara injini inapopewa mafuta, na sili iliyo dhaifu kuliko nyingine husukumwa nje. Fundi huifungua, huona sili imeharibika, huweka mpya, na baada ya safari chache hali hurudi ileile. Tundu la kupumulia kwenye kifuniko cha chupa likizibwa na uchafu au rangi huleta balaa la namna hiyo hiyo. Ukaguzi wa njia hiyo hauhitaji kifaa chochote cha gharama, nao unastahili kutangulia kila kitu.

Hatua inayofuata ni kuhakikisha kwamba kinachoonekana ni oili ya gia kweli. Nyuma ya boti kuna vimiminika vingi. Oili ya gia ina viungo vya salfa na fosforasi vya kuhimili mgandamizo, na harufu yake kali humkaa fundi mkononi hata baada ya kunawa. Oili ya injini haina harufu hiyo. Ikivuja kwenye sili ya nyuma ya krankshafti huteremka ndani ya kasha la flaiwili na kuingia ngamani, isionekane kwenye propela. Oili ya haidroliki ya trimu ni nyepesi zaidi na hutoka kwenye silinda mbili za pembeni au kwenye mipira yake. Oili ya usukani wa haidroliki mara nyingi ni nyekundu.

Propela yenyewe hutoa ishara ya uongo inayowasumbua wengi. Katika boti nyingi moshi wa injini hutoka katikati ya propela, na masizi yenye mafuta yasiyoungua huacha utando mweusi juu ya kitovu na mapanga. Grisi iliyopakwa kwenye meno ya shafti nayo huyeyuka na kuchora michirizi. Utando mweusi mkavu unaofutika na kuacha masizi kwenye kitambaa si uvujaji. Oili ya gia huteleza, hunuka, na huendelea kudondoka boti ikiwa nchi kavu, tena mahali palepale pa chini kabisa. Jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Nchini Marekani sheria ya Clean Water Act hukataza umwagaji wa mafuta unaofanya utando unaong'aa juu ya maji, hata kama ni kiasi kidogo. Kwenye bahari za matumbawe, kama ilivyo mbele ya Watamu na Malindi ambako boti za uvuvi wa burudani hufanya kazi juu ya hifadhi, hakuna sababu ya kusubiri sheria ili kuona ubaya wake.

Ikishajulikana kuwa ni oili ya gia, swali lenye faida kubwa ni lini inavuja. Mafundi wengi huanza na wapi, na kosa hilo huwagharimu siku nzima. Oili inayopungua boti ikiwa imeegeshwa tu, bila kuwashwa, inasukumwa na uzito wa chupa peke yake. Hutafutwa kwenye sehemu za chini na zisizozunguka, yaani bolti ya kumwagia, oringi za maungio, ufa wa kasha, na mpira wa chupa ngamani. Oili isiyopungua kwa wiki nzima ya kuegesha lakini ikapungua kila safari inatoka kwenye kitu kinachozunguka au kinachotikisika. Oili inayotoka kwa mwendo wa juu tu, baada ya dakika kadhaa za kasi, inaelekeza kwenye joto na presha, au kwenye shafti isiyonyooka. Oili inayotoka asubuhi ya baridi na kukoma injini ikipata moto ni alama ya sili iliyokauka, ambayo mdomo wake hulainika na kuikumbatia shafti joto likipanda. Na chupa inayoshuka mara moja tu baada ya oili kubadilishwa, kisha ikatulia, mara nyingi haina ugonjwa: hewa iliyonaswa kwenye kasha la juu imepanda, na oili imejaza nafasi yake.

Kwa hiyo mwenye boti afunge kipande cha utepe kwenye chupa, aandike usawa wa asubuhi oili ikiwa baridi na stendraivu ikiwa imeshushwa sawasawa na siku iliyotangulia. Stendraivu iliyonyanyuliwa na iliyoshushwa hazitoi usawa mmoja. Kumbukumbu ya safari chache namna hiyo humwambia fundi mengi kuliko kurunzi.

Oili yenyewe pia husomwa. Inapomwagwa, boti iwe imekaa usiku kucha bila kuwashwa, na bolti ya chini ifunguliwe polepole sana. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yale ambayo hayajachanganyika hutoka kwanza. Oili iliyosukwa pamoja na maji huwa na rangi ya chai ya maziwa. Lakini oili iliyojaa mapovu ya hewa nayo hupauka, na wengi wamefungua makasha mazima kwa sababu ya hewa tu. Kipimo ni chupa ya kioo: oili yenye hewa husafika ndani ya saa chache, oili yenye maji hubaki na ukungu. Tone lililodondoshwa juu ya bamba la chuma lenye moto likipasuka na kutoa sauti, lina maji. Sumaku iliyo kwenye bolti ya kumwagia kwa kawaida huwa na uji laini wa chuma, na huo ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa jicho, au vigae vinavyong'aa, havimo katika kawaida. Beringi au gia imeanza kumeguka, na shafti inayoyumba ndani ya beringi mbovu itaitafuna sili yoyote itakayowekwa.

Baada ya hapo kasha husafishwa kabisa kwa kiyeyusho, likauke, na kupuliziwa poda nyeupe nyembamba. Oili hupanda na kusambaa kwa upepo wa mwendo, kiasi kwamba uvujaji wa kasha la juu huonekana kama wa propela. Poda huonyesha mchirizi wa kwanza kabla haujasambaa. Rangi maalumu ya kuchanganya kwenye oili, inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno, hufanya kazi hiyo kwa usahihi zaidi, hasa kwenye uvujaji wa matone machache kwa safari.

Sehemu zinazovuja zenyewe hufuata njia ya nguvu. Ya kwanza ni pale yoki ya krosi inapoingia kasha la juu. Sili yake hufichwa ndani ya mpira wa mikunjo unaozilinda krosi na maji, kwa hiyo uvujaji wake hauonekani nje. Oili hujikusanya ndani ya mpira huo, krosi huichapa na kuirusha pande zote, na siku stendraivu inapong'olewa oili humwagika. Kama mpira umepasuka, huchanganyika na maji ya bahari na grisi kuwa tope la kijivu. Sili ya yoki ndiyo inayoteseka kwa makosa ya injini. Injini isiyopangwa sawa na stendraivu, kwa sababu mipira ya miguu yake imelegea au bodi imebonyea, hulazimisha shafti ya kuingilia kuzunguka kwa shida; meno ya kaplingi huliwa, beringi ya kwenye ukuta wa tezi hupiga kelele, na mtikisiko huishia kwenye sili. Krosi zilizokaza au zenye mchezo huleta matokeo hayo hayo. Chuma cha kupimia mpangilio huo kipo, na kipimo hakichukui muda mrefu stendraivu ikiwa imeshang'olewa. Kurudisha stendraivu bila kukitumia ni uzembe.

Kifuniko cha juu ni sehemu nyepesi: oringi, bolti, na uso wa alumini. Huvuja zaidi baada ya kufunguliwa na mtu aliyechokoa oringi kwa bisibisi na kuacha mkwaruzo kwenye mfereji wake. Kijiti cha kubadilishia gia, ambacho kwenye Bravo kiko kasha la juu kwa kuwa klachi yake iko huko, kina sili ndogo na bushi. Bushi ikilika kijiti huyumba, na sili mpya haitakaa.

Ungio kati ya kasha la juu na la chini lina shughuli zaidi. Hapo njia ya oili na njia ya maji ya kupozea injini hupita jirani, zikitenganishwa na oringi na gasketi tu. Kwenye boti inayoruka mawimbi, propela hutoka majini, injini hupanda ghafla, kisha propela huyapiga maji tena. Kila kishindo hulisokota kasha la chini dhidi ya la juu. Stadi hurefuka kidogo kidogo, nati hulegea, na nyuso mbili huanza kusagana. Michirizi ya kung'aa kwenye alumini ya ungio ni ushahidi wa msokoto huo. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo kwa kadiri ya mwongozo, na boti za mbio zikaguliwe hapo mara kwa mara zaidi kuliko ratiba ya kawaida inavyosema.

Kasha la chini lina maadui wengine. Sili za shafti ya propela huwa mbili, moja ikielekea ndani kuizuia oili, nyingine ikielekea nje kuyazuia maji. Mshipi wa nailoni ukijizungusha kwenye shafti nyuma ya propela hujikaza, hujisukuma ndani, na kuzikata zote mbili. Propela ivuliwe mara kwa mara na mshipi utafutwe, hasa kwenye bahari za wavuvi. Pigo la mwamba au gogo laweza kupinda shafti kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Geji ya saa ikiwekwa kwenye shafti na shafti kuzungushwa kwa mkono, mkengeuko hujitokeza mara moja. Shafti iliyopinda ibadilishwe, bila mjadala. Hata shafti iliyonyooka huweza kuwa na mfereji uliochimbwa na sili ya zamani. Ukucha ukikwama unapopitishwa juu yake, sili mpya haitafunga. Hapo huvalishwa mkono mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, au sili hukalishwa kina tofauti kidogo pale kasha linaporuhusu.

Nyuma ya kishikio cha beringi kuna oringi, na chumvi hupenda kujificha hapo. Alumini huliwa, unga mweupe hujaa, na uso wa kukalia oringi huwa na vishimo. Zinki za kinga zikiisha bila kubadilishwa, au boti ikiegeshwa kwenye gati yenye umeme unaovuja majini, vishimo hivyo huweza kupenya kasha lenyewe. Ufa wa pigo kwenye pezi la chini, ukipanda hadi eneo la oili, huvuja boti ikinyanyuliwa na huwa vigumu kuuona mpaka rangi ikwanguliwe. Na kabla ya yote hayo kuna gasketi ndogo za bolti za kumwagia na kupumulia. Bei yake ni ndogo mno, zinapaswa kubadilishwa kila oili inapobadilishwa, na kuzirudia za zamani ni miongoni mwa sababu za kawaida kabisa za maji kwenye oili.

Kipimo cha presha ndicho kinachomaliza ubishi. Oili humwagwa, bolti zote hufungwa kwa gasketi mpya, na geji yenye pampu ya mkono huunganishwa kwenye tundu moja. Pampu ya mkono ni bora kuliko mashine ya upepo, ambayo kwa kosa la sekunde moja huweza kuzing'oa sili nzima. Kwa stendraivu nyingi za aina hii kipimo huanza kwa pauni 3 hadi 5 kwa inchi ya mraba, husimamishwa kwa dakika kadhaa, kisha hupandishwa polepole hadi pauni 16 au 18 kama mwongozo wa modeli unavyoruhusu. Hatua ya kwanza hurukwa na mafundi wenye haraka, na ni hasara kwao. Presha kubwa huubana mdomo wa sili dhidi ya shafti, hivyo sili iliyochoka huweza kushikilia pauni 16 na kuvuja kwa pauni 4. Kasha linaloshindwa kwa presha ndogo na kufaulu kwa kubwa lina mdomo uliokauka. Linaloshindwa kwa kubwa tu lina uwezekano mkubwa wa kuwa na oringi, ufa au uso ulioharibika.

Wakati presha imesimama, shafti ya kuingilia na ya propela zizungushwe kwa mkono, zisukumwe ndani na kuvutwa nje, na kijiti cha gia kisogezwe mbele na nyuma. Uvujaji unaotokea katika pembe moja tu ya mzunguko ni wa shafti iliyopinda au yenye mkwaruzo. Maji ya sabuni hupakwa kila ungio na mapovu hutazamwa. Ikishindikana, kasha huzamishwa kwenye pipa la maji safi. Kazi hii ifanyike kivulini. Hewa ndani ya kasha lililoachwa juani hutanuka, na geji huweza kusimama palepale huku hewa ikitoka.

Kisha hufuata ombwe, inchi 3 hadi 5 za zebaki kwanza, halafu 14 hadi 16, kwa utaratibu uleule. Presha hujaribu mdomo unaozuia oili kutoka. Ombwe hujaribu ule unaozuia maji kuingia. Kasha likifaulu kwa presha na kushindwa kwa ombwe, oili yenye maji isiyopungua imeshapata maelezo yake. Na kasha likifaulu vipimo vyote, baridi, juu ya meza, wakati boti inaendelea kupoteza oili baharini, basi kasha halivuji: tuhuma inahamia kwenye mpira wa chupa, kiunganishi cha ukuta wa tezi, na joto linalozidi kile ambacho meza haiwezi kukiiga.

Stendraivu kubwa za mbio, kama M8 ya Mercury, hutumia sampu kavu. Pampu huvuta oili kutoka kwenye kasha, huipeleka kwenye tangi na kipoza, kisha huirudisha juu ya gia. Huko mipira na viunganishi vya nje ni vingi kuliko sili, na ukaguzi huanzia hapo. Geji ya presha ya oili hutoa taarifa ambayo chupa ya Bravo haiwezi kuitoa.

Ukarabati wenyewe hauna siri. Sili mpya iwe ya namba ileile ya mtengenezaji, ielekezwe upande ulio sahihi, ukingo wake wa nje upakwe gundi iliyotajwa na mwongozo, na nafasi kati ya sili mbili ijazwe grisi ya baharini. Meno ya shafti yafunikwe kwa utepe wakati wa kuvalisha, kwa sababu sili nyingi hukatwa siku zinapowekwa. Pale joto lilipokuwa chanzo, sili za mpira wa vaitoni, zinazostahimili joto kubwa kuliko naitrili, huongeza uhai, lakini hazichukui nafasi ya kupoza kasha.

Oili mpya ijazwe kutoka tundu la chini, polepole, hadi itoke juu bila mapovu, kisha chupa ijazwe hadi alama yake. Stendraivu inyanyuliwe na kushushwa mara kadhaa ili hewa iliyonaswa ipande. Safari ya kwanza iwe fupi na ya mwendo wa wastani. Chupa itazamwe ikiwa moto, ionekane imepanda, na itazamwe tena kesho yake asubuhi. Usawa ukirudi kwenye utepe baada ya safari tatu au nne zenye kasi inayoongezeka, na oili ya sampuli ikawa safi kwenye chupa ya kioo, boti hiyo iko tayari kwa mwendo wa juu. Usiporudi, boti itolewe majini na kipimo cha presha kirudiwe, hata kama mashindano ni kesho.